Msimbo wa Kusomwa kwa Kalamu Mkononi

Hotuba kwa wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho na wasimamizi wao, Arusha

Ndugu walimu, ndugu wasimamizi wa miradi, nanyi vijana mnaomaliza mwaka huu, habari za mchana.

Nashukuru kwa mwaliko. Wenyeji wangu waliniomba nizungumzie uandishi wa ripoti ya mradi. Nikawaomba wanipe kipande kimoja tu cha ripoti hiyo, zile kurasa za mwisho zinazoitwa viambatisho, mahali msimbo wa programu unapochapwa. Nimesoma ripoti nyingi za vijana wa Arusha na Moshi, na bila kumung'unya maneno, hapo ndipo kazi nzuri inapoharibikiwa. Sura za mbele zimepangwa kwa utaratibu: pambizo ziko sawa, vichwa vya habari vinaeleweka, vielelezo vina namba. Ukifika mwisho unakuta skrinishoti za kihariri, ile programu ya kuandikia msimbo, chenye mandhari nyeusi, zimebanwa tatu tatu kwenye ukurasa mmoja. Weusi umekunywa tona yote. Maelezo yaliyokuwa ya kijivu kwenye skrini yamezama humo humo. Mistari mirefu imekatwa upande wa kulia, na msomaji hana njia ya kujua iliishia wapi. Kijana amekesha na programu yake tangu muhula uliopita, na sehemu aliyoitolea jasho kuliko zote ndiyo pekee isiyosomeka.

Mimi naamini hivi: msimbo ukishawekwa kwenye karatasi umekuwa maandishi ya mtu kumwandikia mtu. Kompyuta haina haja na karatasi hiyo. Kwa hiyo upana wa mstari, aina ya herufi, mahali ukurasa unapokatika, vyote vinatakiwa kumtumikia msomaji aliyekaa na kalamu mkononi. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza ufundi wake kwa vipimo, maana nia njema bila vipimo haitawafikisha mbali pale steshenari.

Wapo watakaouliza: siku hizi msimbo wote uko kwenye intaneti, tunachapa wa nini? Ni swali la haki. Jibu la kwanza mnalijua: jopo la kutahini litakaa na kitabu chako kilichobaindiwa, halitakaa na laptop yako. Jibu la pili ni la miaka ijayo. Programu uliyoiandikia tuseme chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Kibosho au Machame, itaendelea kutumika wakati wewe umeshahamia Dodoma na namba yako ya simu imebadilika. Laptop itakufa. Fleshi itapotea. Akaunti itafungwa kwa kuwa hakuna anayekumbuka nywila. Karatasi iliyoko kwenye kabati la katibu, ikiwa imechapwa vizuri, fundi mwingine ataisoma na kuelewa makato yanakokotolewaje. Mali bila daftari hupotea bila habari, na programu nayo ni mali.

Jibu la tatu linahusu kazi yenyewe ya kuandika programu, na kwangu ndilo zito. Skrini ya laptop inakuonyesha mistari arobaini hivi kwa mara moja. Tandaza karatasi nne mezani, unaona zaidi ya mia mbili. Unachora mshale kutoka karatasi ya kwanza hadi ya nne. Unaweka alama ya kuuliza pembeni, unaiendea kesho asubuhi ukiwa umetulia. Makosa ya mantiki, yale ambayo kompyuta inayatekeleza bila kulalamika, mengi hujitokeza hapo.

Sasa tuangalie msimbo wenyewe. Huu hapa ukutani ni wa lugha ya programu iitwayo Python, unakokotoa malipo ya mkulima aliyepeleka kahawa yake chamani:

def malipo(kilo, bei, makato, deni):
    jumla = kilo * bei
    kiasi = jumla - makato
    if deni > 0:
        kiasi = kiasi - deni
        andika_risiti(deni)
    return kiasi

Mistari saba tu. Mkulima ana kilo zake, kuna bei, kuna makato ya chama. Kama anadaiwa, labda alichukua mbolea kwa mkopo, deni linaondolewa na risiti ya deni inaandikwa. Hebu sasa ukurasa ukatike mara baada ya mstari wa nne. Juu ya ukurasa unaofuata msomaji anakuta hivi:

        kiasi = kiasi - deni
        andika_risiti(deni)
    return kiasi

Mistari miwili imeingia ndani kuliko wa tatu. Imeingia ndani ya nini? Kipimo chake kilibaki ukurasa wa nyuma. Na kwenye Python nafasi hizo tupu ndizo zinazosema kipi kiko chini ya sharti na kipi hakiko. Sogeza mstari wa risiti kushoto kwa nafasi nne, programu itaendelea kukimbia bila kosa lolote, ila sasa inamwandikia risiti ya deni hata mkulima asiyedaiwa senti. Yaani risiti ya mtu inaamuliwa na milimita chache za weupe wa karatasi.

Milimita ngapi? Tupige hesabu. Wengi wenu mnabandika msimbo kwenye Word, unachukua fonti ile ile ya ripoti, Times New Roman ya pointi 12, pointi ikiwa kipimo cha wachapaji. Kwenye fonti hiyo nafasi tupu ina upana wa robo ya ukubwa wa herufi, yaani pointi 3. Nafasi nne ni pointi 12, ambazo ni milimita 4 na ushee. Chukua Courier ya pointi 12: kila alama, iwe herufi, namba au nafasi tupu, ina pointi 7.2. Nafasi nne zinakupa milimita 10. Kwa kubadilisha fonti peke yake, hatua ya kuingia ndani inakuwa zaidi ya mara mbili, na mistari iliyo sawa inasimama wima chini ya mwenzake kama ulivyoipanga kwenye kihariri. Ndiyo sababu msimbo unachapwa kwa herufi zenye upana mmoja.

Na kuhusu ukurasa kukatika, kanuni yangu ni hii: fanksheni fupi, yaani fungu la msimbo lenye jina lake kama lile la malipo, isigawanywe. Kama imebaki nafasi ya mistari minne chini ya ukurasa na fanksheni ina saba, acha weupe, anza ukurasa mpya. Weupe huo haujapotea, unamwambia msomaji kwamba jambo jingine linaanza. Fanksheni ndefu isiyoweza kukaa ukurasa mmoja ikatwe penye mstari mtupu, kati ya hatua na hatua, kamwe isikatwe kati ya sharti na kilicho chini yake. Juu ya kila ukurasa liwepo jina la faili, namba ya ukurasa, na ikiwezekana jina la fanksheni inayoendelea. Jambo hili si geni. Amri ya pr kwenye Unix, mfumo endeshi wa siku nyingi, inapanga ukurasa wa mistari 66, mistari mitano ya juu ikiwa ya tarehe, jina la faili na namba ya ukurasa. Chuo cha Berkeley kikaja na programu ya vgrind, iliyoandika jina la fanksheni pembezoni mwa karatasi, ili anayepekua alione bila kusoma kila mstari.

Waliotutangulia walilifikiria sana jambo hili, na nataka mwajue. Mwaka 1960 ilipotolewa taarifa ya lugha ya programu ya Algol 60, mhariri wake akiwa Peter Naur wa Denmark, waandishi waliitenga lugha hiyo katika ngazi tatu: ya marejeo, ya kuchapisha, na ile ya kuingizia kwenye mashine. Tafakarini hapo. Tangu wakati huo walishakubali kwamba msimbo wa kusomwa na watu unaweza kuwa na sura yake, tofauti na ule unaotiwa kwenye kompyuta. Maneno ya lugha yenyewe, kama begin na if, yakachapwa kwa herufi nzito. Tony Hoare alipotoa njia yake ya kupanga vitu iitwayo Quicksort mwaka 1961, jarida la Communications of the ACM lililichapa kama algorithimu namba 64 kwa lugha hiyo, na ni maandishi mafupi ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyanakili kwa mkono.

Kilichotoka kwenye mashine zenyewe kilikuwa kingine. Printa ya IBM 1403, ya mwaka 1959, ilipiga mistari 600 kwa dakika kwenye karatasi pana ya safu 132, kwa kawaida herufi kubwa tupu. Kadi za kutoboa zilikuwa na safu 80 tangu 1928, na lugha ya FORTRAN iligawa safu hizo kwa ukali: 1 hadi 5 namba ya mstari, ya 6 kuendeleza mstari uliotangulia, 7 hadi 72 msimbo wenyewe, 73 hadi 80 namba za kupangia kadi zikimwagika. Ile 80 mnayoiona mpaka leo kwenye mipangilio ya vihariri vyenu ilitoka huko. Prettier, programu ya kupanga msimbo iliyotoka 2017, bado inaanza na 80. Mwongozo wa Python uitwao PEP 8, wa mwaka 2001, unasema 79.

Lakini kazi ninayotaka muishike zaidi ni ya John Lions. Alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney. Katikati ya miaka ya 1970 alitaka wanafunzi wake wasome mfumo endeshi mzima, si kusimuliwa juu yake, wausome. Akachukua kiini cha Unix toleo la sita, kilichokuwa chini ya mistari 10,000, akakichapa kama kijitabu, na cha pili kikawa cha maelezo. Angalieni alivyokipanga. Kila ukurasa una safu mbili, kila safu mistari 50. Ukurasa mmoja unabeba mistari 100 kamili. Mistari imepewa namba mfululizo kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mfumo wote, hairudii moja kwa kila faili. Kwa hiyo ukisikia mstari wa 2238, unajua bila kutafuta kwamba uko karatasi ya 22. Na mstari huo ni mashuhuri, ndiko yaliko maelezo yanayomwambia msomaji kwamba hatarajiwi kuielewa sehemu hiyo. Watu wa Unix waliutaja kwa namba.

Mwalimu anasimama mbele ya darasa, anasema "twendeni 2238," na kila mtu anafika kwa wakati mmoja. Hakuna teknolojia hapo, ni mpangilio wa ukurasa tu. Mwaka 1979 toleo la saba la Unix lilipotoka, leseni ya AT&T, kampuni yenye Unix, ilikataza msimbo kutumika darasani. Kijitabu cha Lions kikaendelea kuzunguka kwa fotokopi za fotokopi, mkono kwa mkono, hadi kilipochapwa rasmi mwaka 1996. Nyie mnajua fotokopi ya fotokopi inavyokuwa. Kile kilisomeka kwa sababu kilikuwa cheusi juu ya nyeupe, chenye namba wazi na mistari mifupi. Chuo cha MIT kilipoanzisha mfumo wake mdogo wa kufundishia, xv6, mwaka 2006, kilifuata nyayo hizo hizo: kijitabu cha msimbo chenye namba za mistari na namba za karatasi.

Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alikwenda mbele zaidi. Kwake programu ni insha. Mwaka 1984 alieleza njia yake, akiwa na mfumo aliouita WEB: mwandishi anaandika faili moja lenye maelezo na msimbo pamoja, kwa mpangilio unaomfaa msomaji. Programu moja, TANGLE, inautoa msimbo kwa ajili ya kompyuta. Nyingine, WEAVE, inatoa kurasa za kuchapwa, maneno ya lugha kwa herufi nzito, majina ya vigeu kwa italiki, kila sehemu na namba yake, na mwisho faharasa ya majina yote yaliyotumika. Mwaka 1986 alichapa hivyo msimbo wote wa TeX, programu yake ya kupanga kurasa, kama kitabu, na kwenye kurasa zilizofunguliwa kuna faharasa ndogo inayokuonyesha majina unayoyaona hapo yalianzishwa wapi. Siwaambii mfanye yote hayo kabla ya tarehe ya kukabidhi. Faharasa ya fanksheni zako kumi na tano, kila moja na ukurasa wake, hiyo mnaweza, na msimamizi atawashukuru.

Kuna habari moja zaidi, ya kuonyesha uzito wa karatasi. Phil Zimmermann alitoa PGP, programu ya kufunga ujumbe kwa siri, mwaka 1991. Sheria za Marekani za wakati ule ziliziweka programu za aina hiyo kwenye kundi la silaha, kuzipeleka nje bila kibali likawa kosa. Kitabu hakikuwa na kizuizi hicho. Mwaka 1995 MIT Press ikachapa msimbo wa PGP kama kitabu, na mwaka 1997 toleo la 5.0 likavuka bahari kwa njia hiyo hiyo, zaidi ya kurasa 6,000, wajitolea Ulaya wakaziskani na kuurudisha msimbo kwenye kompyuta. Ili hilo liwezekane, waliopanga kurasa hizo waliweka namba ya kuhakikishia kwenye kila mstari, na alama za kuonekana mahali penye tabu, yaani nafasi ya kitufe cha Tab, na penye nafasi nyingi tupu, kwa sababu kwenye karatasi tabu moja na nafasi nane zinafanana kabisa. Sisi hatuna haja ya namba hizo. Tabu zigeuzeni nafasi kabla ya kuchapa, la sivyo kompyuta ya steshenari itazipanua itakavyo.

Tuingie kwenye vipimo vyenu sasa, maana najua mnasubiri.

Karatasi ni A4, upana milimita 210. Kitabu kinabaindiwa kushoto, kwa hiyo acha milimita 30 upande huo, usisikilize anayekwambia 15 zinatosha, nusu yake itamezwa na jalada. Tumia fonti ya upana mmoja ya pointi 9. Kila alama inachukua pointi 5.4, alama 80 zinachukua pointi 432, ambazo ni milimita 152. Namba za mistari za tarakimu nne na nafasi moja zinakula milimita 9 na nusu. Jumlisha na 30 za kushoto, unabakiwa na milimita 18 upande wa kulia. Inakaa sawasawa, bila kubana. Kwenda chini, weka pointi 11 kutoka mstari hadi mstari, pambizo za milimita 25 juu na chini, utapata mistari 63. Chini ya pointi 8 msishuke. Mzee wa jopo anavaa miwani, na taa za ukumbi mnazijua.

Mstari unaozidi 80, uukate wewe mwenyewe kwenye msimbo, mahali penye maana: baada ya mkato, kabla ya alama ya kujumlisha. Ukiiachia Word iukate, utaangukia popote, na kipande cha pili kitaanza mwanzo kabisa wa mstari, kikivuruga ule msogeo wa ndani ambao kwenye Python ndio maana yenyewe. Kazi hii mashine inaiweza pia. Derek Oppen alichapisha mwaka 1980 njia ya kuamua mistari ikatwe wapi kwa upana uliopewa, na vipangaji vya leo vinafanya kazi ya ukoo huo. Endesha Black kwa Python, ukiiambia upana uwe 79 maana yenyewe huanza na 88. Endesha Prettier kwa JavaScript. Kisha usome kilichotoka kwa macho yako. Kipangaji kinajua mabano, hakijui kwamba mistari hii mitatu inahusu bei na ile miwili inahusu deni. Mstari mtupu kati ya mafungu hayo ni kazi yako wewe uliyefikiri.

Fonti: Courier ni ya heshima, Howard Kettler aliichora kwa ajili ya taipureta za IBM miaka ya 1950, lakini Courier New iliyoko kwenye Windows ina mistari myembamba mno, na kwenye printa yenye tona inayoisha inafifia. Napendelea DejaVu Sans Mono, au Source Code Pro ambayo Adobe iliitoa mwaka 2012. Zote hazilipiwi. Kabla ya kuchagua, chapa kwanza alama hizi: sifuri na O kubwa, moja na l ndogo na I kubwa. Ukishindwa kuzitofautisha kwa urefu wa mkono, fonti hiyo iache, hata kama ni nzuri kwa kutazama.

Rangi. Kwenye skrini rangi zinasaidia, lakini vitabu vyenu vinachapwa kwa weusi, na samawati na kijani vyote vinageuka kijivu cha aina moja, njano inatoweka. Tumia herufi nzito kwa maneno ya lugha na italiki kwa maelezo, basi. Wanaotumia LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi uliojengwa juu ya TeX, wanayo pakiti ya listings, na wanayo minted ambayo inafanya kazi na Pygments, programu ya kupamba msimbo. Humo kuna mtindo uitwao bw uliotengenezwa kwa weusi na weupe. Wanaotumia Linux bila LaTeX wajaribu a2ps au enscript. Na wa Word wasikate tamaa: tengeneza mtindo mmoja wa aya, uuite Msimbo, uupe fonti ya upana mmoja ya pointi 9, uzime ukaguzi wa tahajia ili mawimbi mekundu yasitokee kwenye skrinishoti za watu, na uzime ubadilishaji wa alama za kunukuu.

Hapo kwenye alama za kunukuu nisimame kidogo, kwa sababu linatuhusu sisi hasa. Kiswahili kina bahati, herufi zake zote ziko kwenye alama 128 za ASCII, ile orodha ya zamani ya alama za kompyuta, kwa hiyo majina ya Kiswahili kwenye msimbo hayaisumbui programu yoyote ya kuchapa, hata ya zamani. Ila tuna ng'. Anayeandika programu ya kuorodhesha mifugo ya Monduli au Longido ataandika ng'ombe tu, hana pa kukwepea. Akiandika 'ng'ombe' kwa alama moja moja, Python inaona maandishi yameishia kwenye ng, na ombe limebaki nje halina mwenyewe. Aandike "ng'ombe" kwa alama mbili mbili. Amefanya hivyo, programu inakwenda, furaha. Kisha anauandika upya mstari huo ndani ya Word, Word inazipinda alama zote ziwe za mapambo. Kwenye karatasi zinapendeza. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata anazinakili kutoka kwenye faili la ripoti, programu inakataa mstari ule ule, naye anatazama haoni kosa. Vivyo hivyo Word inaunganisha vistari viwili vikawa kistari kirefu kimoja, na amri inayohitaji viwili inakufa. Zimeni mambo hayo yote kabla ya kuandika herufi ya kwanza.

Mkishamaliza, pelekeni steshenari faili la PDF, kamwe msipeleke la Word. Kompyuta ya pale inaweza isiwe na fonti yako, itaweka nyingine, na vipimo vyote tulivyopiga hapa vimekwisha. Mwambie dada au kaka wa pale achape kwa ukubwa halisi, asipunguze ili itoshee. Chapa karatasi moja kwanza, uiangalie dirishani penye mwanga, ndipo uruhusu zilizobaki.

Nina ombi kwa wasimamizi, na ninalisema kwa heshima. Msiwalazimishe kuchapa msimbo wote. Mradi wa Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python, una mafaili chungu nzima yaliyotengenezwa na mashine ambayo mwanafunzi hakuandika hata herufi, na kuyachapa ni kuongeza unene wa kitabu na gharama kwa mzazi. Waambieni wachague kiini: sehemu inayofanya hesabu, inayoamua, inayolinda data. Kurasa kumi na tano zilizopangwa vizuri, kila fungu likiwa na aya moja ya Kiswahili au Kiingereza safi juu yake inayoeleza linafanya nini na kwa nini limefanywa hivyo. Zilizobaki ziwekwe kwenye diski iliyobandikwa ndani ya jalada. Kisha mzisome kurasa hizo, mziulizie maswali kwa namba ya mstari siku ya utetezi. Mwanafunzi akijua kuna mtu atakayeuliza "mstari wa 214, kwa nini umegawa hapa?", ataupanga ukurasa wake vingine kabisa.

Na ninyi vijana, mtakapokuwa kazini, Njiro au Dar es Salaam au popote riziki itakapowapeleka, kuna siku mtapokea programu ya mtu asiyekuwepo. Chapeni sehemu isiyoeleweka. Kaeni nayo.

Nayasubiri maswali yenu. Aliyekuja na fleshi yenye ripoti yake, printa iko kwenye meza ile ya nyuma na karatasi zipo. Tuanze na ukurasa wenye fanksheni iliyokusumbua kuliko zote, tuupime pamoja kwa rula. Asanteni sana.